Mipira ya Vitz RS: Soma Namba ya Kati Kabla Hujatoa Pesa

Assalaamu alaykum ndugu zangu, karibuni. Leo tupo nje ya kibanda changu hapa Mwanakwerekwe, na hii nyuma yangu ndiyo Vitz RS yangu, injini 1NZ, lita moja na nusu, gia za mkono. Gari ndogo, lakini ukiikanyaga inakujibu. Anayeshika simu ni Haji, mtoto wa kaka yangu. Haji, mwache huyo kuku, nipige mie.

Haya. Nauza mipira ya gari, sijifichi, kwa hiyo ukiona nakusifia kitu ujue nina maslahi. Lakini video ya leo nimeifanya kwa sababu kila siku anakuja mtu hapa ananiambia, "Nipe mipira ya Vitz." Vitz ipi, yakhe? Kuna Vitz ya kawaida inavaa ringi 14, na kuna hii RS inavaa ringi 16. Ukimwuliza namba, anakuonyesha kwa mikono, "Ya hivi." Hapana. Leo tunajifunza namba.

Fungua mlango wa dereva. Hapa kwenye nguzo, chini ya pale mlango unapojifunga, kuna kibandiko. Haji, njoo karibu. Zaidi. Jua linakupiga, weka mkono juu. Hapo sawa. Magari yetu mengi yanatoka Japani na maandishi yake ni ya huko, lakini namba ni namba. Mie Kijapani sijui hata salamu, na hiki kibandiko nakisoma kuliko mwandiko wa daktari. Someni wenyewe: 195/50R16, halafu 84V. Pembeni yake kuna upepo. Ukikuta 220 usishtuke ukamwambia mtu wa pampu ajaze 220, utaruka na gari. Hizo ni kilopaskali, sawa na 32 za kwenye pampu zetu.

Nimesema kibandiko. Sijasema mpira uliomo garini. Mpira uliomo garini aliufunga mtu, na yule mtu huenda alifunga alichokipata. Na wala usisome kile kipira chembamba cha spea. Kile cha dharura, kinajazwa upepo 60, na kimeandikwa usizidi 80 kwa saa. Kuna mzee mmoja aliniletea kile akitaka vinne vya mfano huo, nikamsihi sana.

Sasa kwenye mpira wenyewe. 195 ndiyo upana, milimita, kutoka ubavu mpaka ubavu. 16 ndiyo ringi, inchi. Hiyo R katikati watu wanasema ni R ya ringi. Si ringi, ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyosukwa. Lakini ukisema ringi 16 dukani nitakuelewa, hatugombani kwa hilo.

Imebaki 50. Namba ya kati. Hapa naomba tutulie, Haji usitikise simu.

50 hii si milimita. Si inchi. Ni asilimia. Maana yake, urefu wa ubavu wa mpira ni asilimia 50 ya ule upana. Mpira wa 195 wenye 50, ubavu wake ni milimita 97 na nusu. Ukibadilisha upana, hata kama namba ya kati imebaki ile ile, ubavu nao umebadilika, kwa sababu asilimia 50 ya 205 si asilimia 50 ya 195. Namba ya kati, jamani. Narudia kwa sababu iliniuma.

Haji, lete ule mpira. Ule wa nyuma ya mlango, tunaokalia. Ehe. Huu ni 205/55R16. Mwaka wa kwanza nilipoipata gari hii nilikwenda kwenye duka moja, sitalitaja, nikakuta mipira hii minne, mipya, bei nzuri. Yule bwana akaniambia, "Ringi 16 hii, itaingia tu." Na iliingia! Balaa lilikuwa hapo hapo. Ingekataa kuingia ningerudi nyumbani salama. Iliingia, nikakaza nati, nikazunguka Michenzani mara mbili nikijiona.

Wiki ile ile tulikuwa na harusi Nungwi. Nikapakia wajomba watatu nyuma, wazee wa kushiba, na ami mbele. Tulipofika Mahonda nikapanda tuta, gari ikashuka, nyuma kukalia kwaruuu. Tuta la pili, kwaruuu. Mjomba akauliza, "Kuna mtu anakuna nazi huko?" Nikamwambia ni mchanga. Mpaka Nungwi tulikuna nazi ya kutosha pilau ya harusi nzima.

Tazameni hapa begani. Pitisha kamera taratibu. Mnaona huu mstari? Mpira umechunwa mzunguko mzima, unaingiza ukucha. Ni ukingo wa madigadi ulikuwa unaukata kila gari ikishuka. Ningeendelea mwezi mmoja, ungepasuka.

Sasa tupige hesabu, nina chaki, naandika hapa hapa sakafuni. Mpira wa kibandiko: 195 mara 50, gawa kwa 100, ni 97.5. Huo ni ubavu mmoja. Juu ya ringi kuna ubavu na chini kuna ubavu, kwa hiyo mara mbili: 195. Ringi: inchi 16 mara 25.4 ni milimita 406.4. Jumlisha, 601.4. Huo ndio urefu wa gurudumu zima likisimama.

Huu wa wajomba: 205 mara 55, gawa kwa 100, ni 112.75. Mara mbili, 225.5. Jumlisha 406.4, unapata... subiri... 631.9. Umezidi kwa milimita 30! Sentimita tatu. Nusu yake inapanda juu kuelekea madigadi, nusu inainua gari. Asilimia 5. Na spidomita haijui kama umebadilisha mpira, inahesabu mizunguko tu. Ikikuonyesha 80, wewe uko 84. Na gari ikawa nzito kuondoka, maana gurudumu kubwa ni kama umepandisha gia bila kutaka. Nikadhani plagi zimekufa, nikanunua plagi. Mpira.

Watu wengi wa mipira wanakubali tofauti ya asilimia 3. Mie kwa gari iliyo chini kama hii sipendi kuzidi 2. Kwa hesabu hiyo hiyo, 205/50R16 inakuja 611.4, chini kidogo ya asilimia 2, naikubali. 195/55R16 inakuja 620.9, imepita 3, siitaki. Mnaona? Upana ni ule ule, ringi ni ile ile, namba ya kati peke yake imekutoa nje. Namba ya ka...

Haya tumerudi. Simu ilijaa. Haji ana video 40 za mpira wa miguu humu, tumefuta tatu, kalia. Ndiyo maana jua limehama.

Nilikuwa nasema namba ya kati. Basi mshaijua.

Upana wa ringi sasa. Hili wengi hawaliangalii. Ringi imetolewa, igeuze, nyuma ya mkono wake mmoja kuna maandishi yamechongwa, sugua vumbi kwa kitambaa. Yangu: 16x6J. Hiyo 6 ni upana wa ringi kwa inchi. 195/50 inakaa vizuri kwenye ringi kuanzia 5.5 mpaka 7. 205/50 nayo inakaa. Lakini 205/45R16, ambayo urefu wake unakubali, 590.9, inataka ringi kuanzia 6.5. Kwenye 6 yangu itabinuka kama ndimi za viatu. Kwa hiyo hesabu ya urefu imepita, ringi imekataa. Waulize wauzaji, na mie niulizeni.

Zile 84V: 84 ni mzigo, kilo 500 kwa mpira mmoja. V ni mwendo, mpaka 240 kwa saa, ambao hapa Unguja utaupatia wapi, kisiwa kinakwisha. H ni 210, inatosha. Lakini mzigo usishuke chini ya 84. Wajomba hawapungui.

Tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa upande huu haipo, geuza, ipo upande wa pili. Hii nasema hasa kwa wanunuzi wa mtumba. Mpira una kashata nzuri, meno yote yapo, lakini ulilala ghalani miaka minane. Jua letu unalijua. Ukunje ubavu hivi kwa vidole gumba, ukiona nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, rudisha. Hata kama ni wa kwangu, rudisha.

Kuna mtu wa Pemba ameniandikia, yuko Konde, anasema njia ya kwake ni vilima na mawe, ringi 16 zinampindia kila masika, afanyeje? Ndugu yangu, siri ya moyo wangu ni hii: shuka ringi 15. Najua, mwenye RS hataki kusikia. Mie mwenyewe napenda ubavu mwembamba, gari inakata kona kama wembe, sukani inakwambia kila kitu. Lakini 185/60R15 inakuja milimita 603, tofauti na asili haifiki hata 2, spidomita haijui kitu, na ubavu ni 111 badala ya 97. Hiyo sentimita moja na zaidi ndiyo inayokula shimo badala ya ringi yako. Hakikisha ringi ina matundu manne na 100, yaani kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linalolielekea ni milimita 100. Ijaribu mbele kwanza bila mpira, izungushe kwa mkono, isiguse breki. Ikigusa, usisage breki wala usiweke wasa za kubahatisha. Tafuta ringi nyingine.

Ukiwa na pesa ya miwili tu, mipya weka nyuma. Najua Vitz inavutwa na mbele na kila fundi atakwambia weka mbele. Mbele ikiteleza kwenye mvua unaisikia kwenye sukani na unaachia mafuta. Nyuma ikiteleza, umeshageuka unatazama ulikotoka.

Kufunga sitaonyesha, jaki mnaijua. Nati kaza kwa kupishana, si kwa duara, na zikaze tena baada ya siku moja mbili.

Ila kabla hujaondoka kibandani kwa mtu, hii usiiruke. Hii ndiyo niliyoiruka mie. Gari ikiwa tupu kila mpira unaingia. Watoto! Njooni, pandeni nyuma. Wanne, watano, sita, basi, we bakia. Kaeni sawa, rukeni kidogo. Haji, chini huku kwenye madigadi. Naingiza vidole kati ya bega la mpira na ukingo wa bati. Viwili vinapita na nafasi imebaki. Ule wa 205/55 hata kadi ya simu haikupita, na sikuangalia kwa sababu nyuma hapakuwa na mtu.

Sasa naingia, nazungusha sukani kulia mpaka mwisho. Sikiliza kwenye plastiki ya ndani. Kushoto mpaka mwisho. Nyamazeni basi nyie. Tena kulia.

Umesikia kitu, Haji? Hajasikia. Sasa narudi nyuma huku nimekata sukani, hapo ndipo mara nyingi... Simama! Yule kuku yuko chini ya bampa. Mtoeni kwanza.