Dada wa Ramani na Muziki Wako: Nani Anyamaze?

ZUHURA: Karibuni tena, mimi ni Zuhura.

SALIM: Na mimi Salim. Leo tunaingia garini. Kuna msikilizaji katutumia ujumbe wa sauti, mrefu, na ana hasira kidogo. Anasema anasikiliza muziki wa mtandaoni kwenye simu, simu imeunganishwa na gari kwa Bluetooth, na ramani imewashwa. Kuna siku muziki unashuka kidogo, dada wa ramani anaongea, muziki unapanda. Safi kabisa. Kuna siku kinachosikika kinasimama kabisa mpaka dada amalize. Na kuna siku dada haongei chochote, kona inapita hivihivi. Simu ileile, gari lilelile. Anauliza, hili gari lina mashetani?

ZUHURA: Gari halina shida. Simu ni ileile na gari ni lilelile, lakini alichokuwa anasikiliza nadhani hakikuwa kilekile.

SALIM: Kivipi?

ZUHURA: Ile siku sauti iliposimama kabisa, alikuwa anasikiliza wimbo, au mtu anaongea? Podikasti, kitabu cha kusikiliza, mahubiri? Maana simu haimtendei msemaji kama inavyomtendea mwimbaji.

SALIM: Hebu lifafanue hilo.

ZUHURA: Programu ya ramani haipayuki tu. Kwanza inaomba nafasi kwa mfumo wa simu. Kwenye Android ombi lenyewe linasema hivi, kwa lugha yetu: nataka kusema neno moja, sitakaa, aliyepo anaweza kuendelea ila kwa sauti ya chini. Tangu Android 8, ile ya mwaka 2017, mfumo wenyewe unaushusha muziki, hausubiri programu ya muziki ikubali. Lakini programu iliyojitambulisha kwamba inachocheza ni maneno ya mtu, hiyo haishushwi. Inaambiwa isimame. Kwenye iPhone nako mtengenezaji wa programu ana uchaguzi huohuo: ashushe sauti za wengine, au asimamishe ile ya maongezi na kuacha muziki uendelee.

SALIM: Kwa hiyo sasa hivi, mtu anayetusikiliza akiwa barabarani, dada akitaka kusema "baada ya mita mia mbili", mimi na wewe tunakatwa kauli.

ZUHURA: Tunakatwa, na ni haki yake. Wimbo ukishushwa kwa sekunde nne hupotezi kitu, mdundo unaendelea na kibwagizo kitarudi. Neno likifunikwa limekwenda. Watu wawili wakisema kwa pamoja husikii hata mmoja. Mimi nawasifu waliofikiria hilo.

SALIM: Sawa, fumbo la kwanza tumelifungua. Hili la dada kununa je? Maana hili ndilo linalowapotezea watu njia.

ZUHURA: Hapo toka kwenye simu, njoo kwenye redio ya gari. Redio ya gari husikiliza chanzo kimoja kwa wakati: FM, au USB, au Bluetooth. Sasa wewe umefungulia FM, taarifa ya habari. Ramani inasema "pinda kushoto", simu inapeleka ile sauti kwa Bluetooth kwa uaminifu wote, inafika garini, na gari haina habari nayo kwa sababu limeambiwa lisikilize FM. Dada ameongea. Ni wewe hukumsikia.

SALIM: Na kwenye skrini ya simu mshale unageuka vizuri tu, ndiyo maana mtu anaona ni maajabu.

ZUHURA: Ndiyo. Na dawa ipo. Bluetooth ya gari ina njia mbili za sauti. Moja ni ya muziki, wataalamu wanaiita A2DP, sauti nzuri, ya stirio, spika ya kushoto na ya kulia kila moja na yake, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja garini. Nyingine ni ya kupiga simu, HFP, ambayo inakwenda na kurudi. Sasa ukiingia kwenye mipangilio ya Google Maps, upande wa uelekezaji, utakuta kitu cha kuruhusu sauti ya maelekezo ipite kama simu ya Bluetooth. Ukikiwasha, dada akitaka kusema anajifanya anapiga simu. Gari likiona simu inaingia, linaiacha FM, linamsikiliza, akimaliza linarudi kwenye redio.

SALIM: Sasa mbona wasiiwashe hivyo kwa kila mtu tangu kiwandani?

ZUHURA: Kwa sababu ina gharama, na ukiwa unasikiliza muziki kutoka kwenye simu hiyohiyo, gharama ni kubwa. Kwanza muziki haushuki tena, unakatika kabisa kila dada anaposema, maana gari linadhani una maongezi. Pili, njia ya simu ni nyembamba. Muziki wa kawaida huchukuliwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Njia ya simu ni 8,000, au 16,000 kama simu na gari vyote ni vya kisasa kidogo. Dada anasikika kama anaongelea ndani ya ndoo. Tatu, gari huchukua muda kuifungua hiyo njia, na muda huo dada ameshaanza kusema.

SALIM: Aah! Ndiyo ile unasikia "...mia tatu, pinda kulia". Mia tatu peke yake, au elfu moja mia tatu?

ZUHURA: Na utakisia ukiwa umeshafika. Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yetu: kama muziki unatoka kwenye simu, zima hiyo ya kujifanya simu, na redio ya gari uiache kwenye Bluetooth. Kama wewe ni mtu wa FM, iwashe.

SALIM: Mimi ninachokutana nacho kwa watu ninaowabeba ni kingine: dada anasikika, lakini kwa kunong'ona. Muziki umejaa gari zima, yeye yuko mbali huko. Mtu anapandisha sauti, muziki nao unapanda, basi wanashindana mpaka vioo vinatetemeka.

ZUHURA: Anapandisha wakati gani?

SALIM: Wakati muziki unapiga, si ndipo?

ZUHURA: Hapo anapandisha muziki. Magari mengi huhifadhi kiwango cha muziki, cha simu na cha maelekezo kila kimoja peke yake. Zungusha kile kitufe cha sauti *wakati dada anaongea*, ndipo kiwango chake kitabadilika. Na ndani ya programu ya ramani pia kuna pa kuchagua sauti yake iwe kubwa, ya kawaida au ndogo. Vifanye vyote viwili gari likiwa limesimama.

SALIM: Hilo la kusimama nilisemee kidogo, maana najua wewe utalipitia haraka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Ukiangalia skrini sekunde mbili kutafuta wimbo, umekwenda mita 56 bila macho. Sasa hawa watengenezaji wametuletea vitufe vya muziki ndani ya ramani yenyewe. Waze, programu nyingine ya ramani, waliunganisha na Spotify, ile ya muziki wa mtandaoni, mwaka 2017, Google Maps wakafuata 2018. Wanasema ni kwa usalama, usihamehame programu. Mimi naona ni kumuwekea mtu mkononi kitu ambacho hakukihitaji.

ZUHURA: Hapo nakukatalia. Mtu atabadilisha wimbo tu, umuwekee kitufe usimuwekee. Afadhali kiwe kikubwa, kiwe palepale, kuliko ramani itoweke, afungue programu nyingine, atafute, arudi. Na kama gari lina CarPlay ya iPhone au Android Auto, mifumo ya kuonyesha programu za simu kwenye gari, kazi inahamia skrini ya gari na vitufe vya usukani. Hapo simu hata hutaiona.

SALIM: Orodha ya nyimbo ipangwe kabla ya kuondoka. Saa nzima ya nyimbo, bonyeza, sahau. Uingereza tangu 2022 kushika simu mkononi kutafuta wimbo ukiwa unaendesha ni kosa kisheria, hata ukiwa umesimama kwenye taa.

ZUHURA: Kwenye hilo la kuipanga mapema tuko pamoja.

SALIM: Tuje kwenye bando, maana kuna mtu ananiambia kila mara: "GPS inanimalizia data."

ZUHURA: GPS haiijui data yako. Setilaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza, na simu yako inasikiliza tu. Ikisikia nne, inajua ilipo. Haipeleki kitu huko na hailipi kitu. Kinachotumia data ni picha ya ramani na taarifa za foleni, na hivyo ni megabaiti chache kwa saa. Mlaji ni muziki. Piga hesabu: muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde ni megabaiti 72 kwa saa. Ukiweka ubora wa juu, 320, ni 144. Halafu lawama anapewa dada wa ramani.

SALIM: Na ndani ya gari lenye kelele za matairi na upepo, hiyo 320 unaisikia?

ZUHURA: Gari likiwa kwenye mwendo? Sidhani. Weka 96, ni megabaiti kama 43 kwa saa. Au pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi na biashara iishe. Ukitumia Spotify, kumbuka tu kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vile ulivyopakua havitacheza. Ramani nayo ipakue. Google Maps huelekeza bila mtandao tangu 2015, ila foleni hutaziona.

SALIM: Mimi kuna kitu nakifanya, sijui kama ni cha kitaalamu. Nikiwa njia ya mbali, mtandao wa kupotea na kurudi, muziki huwa ndiyo kengele yangu. Dada anaweza kuendelea kuongea vizuri kabisa wakati mtandao umeshakufa, kwa sababu njia aliichukua tangu mwanzo. Muziki hauvumilii hivyo. Akiba yake ikiisha, kimya. Basi muziki ukikatika najua: kuanzia hapa nisikosee kona, maana nikikosea hana pa kuulizia njia mpya.

ZUHURA: Ni ya kitaalamu kabisa, ingawa mwenye ramani aliyoipakua hana haja ya hofu hiyo. Simu itaipanga njia upya yenyewe. Ila na nyimbo ukiwa umezipakua, kengele yako haitalia.

SALIM: Kwa hiyo nipakue ramani, nyimbo niziache mtandaoni.

ZUHURA: Kwa tabia yako, ndiyo. Sasa joto. Simu iko juu ya dashibodi, jua linaipiga kupitia kioo, skrini imewaka hadi mwisho, GPS, data na Bluetooth vyote vinafanya kazi, na bado inachajiwa. Apple wanasema iPhone itumike penye nyuzi kati ya 0 na 35. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inapita hapo mapema sana. Simu ikizidiwa inafifisha skrini, inakataa kuchaji.

SALIM: Na mtu analaumu chaja.

ZUHURA: Wakati mwingine chaja nayo ina lake. Tundu la USB la gari la zamani kidogo linatoa nusu ampea, yaani wati 2.5. Simu inayofanya kazi zote hizo inaweza kula zaidi ya hapo, kwa hiyo imechomekwa na bado asilimia zinashuka. Chaja ya kuchomeka kwenye tundu la sigara ina nguvu zaidi. Na kishikio kiweke mbele ya tundu la kiyoyozi. Kuchaji bila waya siku ya jua kali mimi sikushauri, inaongeza joto juu ya joto.

SALIM: Au zima skrini.

ZUHURA: Na hilo watu wanalisahau! Funga skrini, dada anaendelea kuongea, muziki unaendelea kupiga. Kwenye barabara kuu ambayo kona inayofuata iko kilomita 40 mbele, unaangalia nini?

SALIM: Kipilefti chenye njia sita ndipo utaitaka.

ZUHURA: Hapo iwashe, sikatai.

SALIM: La mwisho, maana huyu msikilizaji kalitaja kwa mbali: mke wake ndiye mwenye nyimbo. Simu yake ndiyo anataka ipige muziki, ya mume ndiyo yenye ramani. Gari moja.

ZUHURA: Magari mengi hucheza muziki wa simu moja kwa wakati, lakini mengi pia hukubali simu ya pili iunganishwe kwa ajili ya kupigiwa. Hapa sasa ile niliyosema aizime, aiwashe. Muziki wa mama unakuja kwa njia ya muziki, dada wa ramani anakuja kwa njia ya simu kutoka kwa baba. Gari likimsikia linausimamisha muziki, akimaliza linaurudisha.

SALIM: Na kama gari halikubali simu mbili?

ZUHURA: Rahisi zaidi. Simu ya baba isiunganishwe na gari kabisa. Iwekwe kwenye kishikio karibu na sikio lake, dada aongee kwa spika ya simu yenyewe, na muziki ubaki kwenye spika za gari. Haushuki, haukatiki.

SALIM: Ila mama asipandishe sana.

ZUHURA: Hiyo wazungumze wenyewe nyumbani. Sisi mipangilio ya ndoa hatuna.

SALIM: Haya, tumeishia hapo. Maswali yenu tutumieni, ya sauti au ya kuandika.