Kuanzia Nchi Kavu Kufikia Mafuta ya Baharini

Ndugu zangu, leo nawapeleka Dorset, kusini mwa Uingereza, penye mafuta ya Wytch Farm. Sehemu ya mwamba wenye mafuta hayo iko chini ya Ghuba ya Poole, kina cha mita 1,600 hivi. Kampuni ya mafuta ya BP iliwahi kufikiria kujenga kisiwa baharini ichimbe kutokea hapo. Lakini ile ni pwani ya watalii na ya ndege wanaohifadhiwa. Wakaamua kuuweka mtambo nchi kavu na kuchimba kwa kulaza kisima, yaani kinaanza wima kisha kinapindishwa kwenda ubavu chini ya bahari. Mwaka 1998 kisima cha M-11 kilivuka kilomita 10 za mlalo.

Mnasikia kilomita 10 mnashangaa kekee. Mimi kekee hainishangazi. Anayepanga kisima cha namna hii hukosa usingizi kwa sababu ya tope.

Tope la kuchimbia husukumwa chini kupitia ndani ya bomba lenye kekee mwishoni, likarudi juu kwa nje likibeba vipande vya mwamba. Kisima kikirefuka, msuguano wa tope unaongeza shinikizo kule mwisho. Uimara wa mwamba nao hufuata kina, na kina ni kilekile, mita 1,600. Hapo ndipo penye mtego: urefu unapanda, mwamba hauongezi nguvu. Ukizidisha pampu, mwamba unapasuka na tope linapotelea humo. Ukipunguza, vipande vinatua upande wa chini wa kisima na kulikaba bomba. Nafasi ya kupita katikati ni finyu, na lazima ikokotolewe kabla mtambo haujafika.

Halafu kuna uzito. Kisima kikilala zaidi ya nyuzi 70 hivi kutoka wima, bomba haliteremki tena kwa uzito wake, msuguano unalishika. Kwa hiyo mabomba mazito hupangwa juu, kwenye sehemu iliyosimama, yayasukume mepesi yaliyo mbele. Bomba pana la kukinga kuta za kisima ni kazi ngumu zaidi, maana mara nyingi haliwezi kuzungushwa. Dawa mojawapo ni kuliziba mbele na kuacha hewa ndani, lielee kwenye tope kama dau lisilo na shehena.

Kijana wa pale nyuma ameuliza: hesabu zikikosea je? Ndiyo maana mpango huwa na mchoro wa uzito unaotarajiwa wakati wa kulinyanyua bomba, kwa kila kina. Wachimbaji hupima na kulinganisha. Uzito ukianza kupanda kuliko mchoro, huenda vipande vinarundikana. Hapo kuchimba kunasimama, bomba linaendelea kuzungushwa na tope kupitishwa hadi kisima kisafike, hata kama meneja anapiga simu kuuliza mbona mita haziongezeki.