Mapambo Mepesi Yanayodumu: Mhadhara kwa Mafundi wa Dhahabu wa Bukavu

Wazee wangu, mama zetu, mafundi wenzangu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, nanyi vijana mliokuja na daftari, karibuni.

Naomba nianze na sikio la mama yangu. Aliolewa na hereni nzito za dhahabu, akazivaa kila Jumapili kwa fahari, hadi ndewe zake zikarefuka na ya kushoto ikachanika kabisa. Fundi aliyezitengeneza hakumpunja hata gramu moja. Aliamini tu kwamba pambo hupata nguvu kutokana na wingi wa madini yake. Imani hiyo ingali hai mjini kwetu, na chanzo chake kinaeleweka, kwa kuwa dhahabu ya Mwenga, Shabunda na Fizi hutufikia ikipimwa kwa tola, gramu 11.66 kila moja, na aliyezoea kununua kwa mizani hupenda kuusikia uzito mkononi. Lakini anayeliweka pambo sikioni kwa miaka arobaini ana haja nyingine.

Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba pambo hupunguziwa uzito mahali ambapo madini hayafanyi kazi, na huachiwa unene pale ambapo mvuto wa mwili, wa nguo na wa msuguano hupita. Fundi anayepunguza kila sehemu kwa kipimo kimoja atalipokea pambo lake likirudi limevunjika.

Kuhusu madini yenyewe nitasema machache. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina uzito wa gramu 19.3, ilhali ya fedha ina gramu 10.5. Tena dhahabu tupu ni laini mno: kwa kipimo cha Vickers ugumu wake, ikishalainishwa kwa moto, ni kama 25 tu. Ukiichanganya na fedha na shaba hadi dhahabu ibaki sehemu 750 kati ya 1,000, yaani karati 18, ugumu huo hupita 120, na uzito hushuka hadi karibu gramu 15.5 kwa ujazo ule ule, kwa hiyo ugumu na wepesi huja pamoja. Ipo pia dhahabu ya 990 iliyotiwa asilimia 1 ya madini ya titani, ambayo hukaza vizuri sana, ila titani hushikana upesi na hewa inapoyeyushwa, na kalibu zetu za wazi haziiwezi.

Nyundo nayo hukaza. Bamba linapofuliwa juu ya fuawe, au waya unapovutwa katika matundu, madini hukakamaa. Ukiyapasha tena hadi yawe mekundu, hulainika. Wengi wetu humaliza kazi kwa moto wa lehemu, na kwa dakika moja tunapoteza ukakamavu tulioutafuta asubuhi nzima. Nawasihi mpange kazi ili sehemu inayohitaji kukaza ifuliwe baada ya kulehemu. Isipowezekana, moto wenyewe husaidia: fedha ya 925 iliyopashwa hadi karibu nyuzi 745 za Selsiasi, ikatumbukizwa majini papo hapo, kisha ikakaa saa moja katika nyuzi 300, hupata ugumu wa karibu mara mbili, na dhahabu ya karati 18 yenye shaba nyingi huitikia kwa namna inayofanana. Jihadharini na madini ya risasi. Chembe ya lehemu ya risasi ikibaki katika mabaki mnayoyeyusha upya, dhahabu nzima huwa kavu, na bamba jembamba hupasuka likiguswa na nyundo.

Sasa nafika kwenye umbo, na hapa naomba tukae. Tazameni bati la nyumba zetu zilizopanda vilima vya Kadutu. Karatasi ile ya chuma ingekuwa tambarare, ingelegea chini ya mvua ya kwanza. Mawimbi yake ndiyo yanayoibeba. Sababu ni kwamba ukakamavu wa bamba hukua kwa mchemraba wa unene wake: unene ukiwa mara mbili, ukakamavu huwa mara nane. Wimbi, mkunjo wa ukingo au mgongo uliotokezwa kwa nyundo hulifanya bamba lijibu kana kwamba ni nene, bila kuongeza gramu hata moja. Ndiyo maana kidani cha jani kilichofuliwa kwa mshipa wa katikati na ukingo uliokunjwa kinaweza kutoka katika bamba la milimita 0.3, wakati kidani tambarare cha upana huo huo hupinda hata kikiwa kinene zaidi.

Mwanzi hutufundisha jambo la pili. Chukueni bangili ya waya wa duara wenye kipenyo cha milimita 3 na urefu wa milimita 200: kwa karati 18 itakuwa na gramu 22 hivi. Mkitengeneza badala yake mrija wa milimita 4 wenye ukuta wa milimita 0.3, mtapata gramu 11, na mrija huo utaukinza mkunjo kwa mara moja na nusu kuliko ule waya mzito. Nilipolikokotoa jambo hilo kwa mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu. Udhaifu wa mrija ni mbonyeo, kwani ukuta mwembamba haustahimili pigo la mahali pamoja, na mbonyeo haunyooshwi kutoka ndani. Kwa hiyo ukuta ufanywe kwa madini magumu, na mrija mrefu utiwe vizuizi ndani kama mafundo ya mwanzi. Tena acheni tundu dogo la hewa kila mnapolehemu kitu kilicho wazi ndani, yaani kitupu kama mrija huu, kwa sababu hewa iliyofungiwa hutanuka katika moto na inaweza kulipasua pambo usoni penu.

Hakuna ugeni katika mambo haya. Wanawake wa Kifulani nchini Mali huvaa hereni kubwa ziitwazo kwottenai kanye; sonara hufua kipande cha dhahabu mpaka kikawa na mbawa nne nyembamba, kisha akakisokota, na msokoto huo ndio unaozipa mbawa ukakamavu. Hata hivyo zile kubwa sana hushikiliwa na uzi unaopita juu ya kichwa, na hapo namkumbuka mama. Huko Mapungubwe, Afrika Kusini, karibu na mto Limpopo, mafundi wa karne ya 13 walimtengeneza kifaru wa karatasi nyembamba za dhahabu zilizopigiliwa kwa vijimisumari juu ya umbo la mti: mti ulibeba umbo, dhahabu ikabeba nuru.

Mahali ambapo sitaki mpunguze kitu ni kwenye viungo. Mkufu huliwa pale pete zake zinaposuguana, kwa hiyo waya mwembamba kupita kiasi hukatika hapo hata kama haujavutwa kamwe. Pete ya mwisho inayoshika kifungo, mguu wa hereni unaopita sikioni, na upande wa chini wa pete ya kidoleni, unaogusa jembe, sufuria na usukani, viwe imara na vilivyojaa. Mimi siwatengenezei watu pete za kidoleni zilizo wazi ndani, hata wakiniomba, kwa kuwa mkono wa kazi hauzihurumii.

Mteja naye aambiwe. Pambo lililo wazi ndani liuzwe kwa jina hilo, lipimwe mbele yake, na lisijazwe gundi wala lehemu ili mizani ipande, maana siku litakapofunguliwa kwa ukarabati, jina la mafundi wote wa mtaa huo litaharibika pamoja na la aliyelitengeneza.

Saa nane tutakutana mezani, kila mmoja na bamba la shaba nyekundu la milimita 0.3, upana wa vidole viwili. Tutalipinda likiwa tambarare, tutalitia mshipa, kisha tutalipinda tena. Dhahabu ibaki kabatini hadi mikono yenu itakaposikia tofauti.