Pimeni Kabla ya Kuuza: Mgodi wa Fedha Uliopita Juu ya Manganizi

Ahsante, Mwenyekiti. Waliowahi kunisikia wanajua nitakachosema, na wale wa nyuma naona wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitanyamaza siku ninyi wachimbaji mtakapoacha kuuza marudio, yaani mabaki ya mawe mliyokwisha kuyachenjua, kwa kukadiria kwa macho.

Makinikia, ule mchanga wa madini uliozuiwa kusafirishwa nje ya nchi, siyarudii, 2017 nchi nzima ilienda shule kwa lazima. Leo nawapeleka Montana, Marekani, kwenye mji mdogo wa Philipsburg. Mlimani juu yake palikuwa na mgodi wa fedha, Granite Mountain, na mtaji wake ulitoka St. Louis, kwa matajiri waliokuwa mbali na vumbi.

Hadithi yake maarufu ni hii. Miaka ya mwanzo ya 1880 pesa inaliwa, mwamba hautoi. Wenye mtaji wanachoka, wanaagiza kazi isimamishwe. Hapo wasimulizi wanagawanyika. Wapo wanaosema telegramu ilikwama njiani kwa sababu ya theluji. Wengine wanasema amri ilifika, ila vijana wakaachiwa wamalizie zamu. Vyovyote iwavyo, baruti ya mwisho ikalipuka, moshi ukapungua, na kwenye uso wa mwamba, fedha! Mgodi ule ukaja kutoa makumi ya mamilioni ya dola.

Mnatabasamu kwa sababu hata huku kila machimbo yana hadithi yake ya baruti ya mwisho. Mimi hadithi hiyo siipendi, na naisimulia kila mahali ili niseme kwamba siipendi. Inamfanya mtu auze ng'ombe wa baba yake ili duara, yaani shimo lake la kuchimba, liende mita moja zaidi. Maduara ambayo baruti ya mwisho ilitoa vumbi tupu, nani anayasimulia? Waliofilisika hawana muda wa kupiga hadithi, wanatafuta nauli ya kurudi kwao. Halafu ina ubaya mwingine: inamfanya mchimbaji aangalie mbele tu, kule baruti inakolipuka, asiangalie anachokipita.

Tuangalie basi walichokipita. Mawe yao waliyaponda, wakayachoma pamoja na chumvi, kisha wakayachanganya na zebaki. Naam, zebaki hiyo hiyo mnayoishika kwa mikono mitupu, na hilo nitawagombeza siku nyingine. Mji wa Granite ukafika watu 3,000 hivi. Kisha tarehe 26 Juni 1893, serikali ya Kiingereza kule India ikafunga milango ya kiwanda cha sarafu kwa watu binafsi: huwezi tena kupeleka fedha yako ukapigiwa rupia. Rupia ile ile waliyoitumia wazee wetu Zanzibar na Mombasa. Bei ya fedha ikaporomoka ndani ya siku chache. Mwaka 1890 wakia moja ilipita dola 1. Mwaka 1894 ilikuwa senti 63 hivi. Agosti 1893 mgodi ukafungwa. Wanasimulia kwamba king'ora cha mtambo kilifungwa kamba, kikaachwa kilie mpaka mvuke ukaisha, huku watu wanashuka mlima na virago vyao.

Waliobaki wakaunganisha nguvu. Mwaka 1898 Granite Mountain na jirani yake Bi-Metallic zikawa kampuni moja, Granite-Bimetallic Consolidated Mining Company, ikaingia karne mpya ikichimba fedha ya bei ya chini.

Muda wote huo, kwenye eneo hilo hilo, ndani ya mishipa ile na kwenye mawe ya chokaa ya pembeni, kulikuwa na jiwe jeusi, ukilishika linakuachia mikono myeusi kama masizi. Manganizi. Kwa mtafuta fedha lilikuwa kero, maana manganizi huisumbua zebaki, na sianidi, ile kemikali ya kuchenjulia, vilevile. Likapitwa. Mwaka 1913 wanajiolojia wa serikali, Emmons na Calkins, wakatoa kitabu kizima kuhusu miamba ya wilaya ile. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza vikaanza. Mlango wa bahari wa Dardanelles ukafungwa, manganizi ya Chiatura, nchi ya Georgia, ikakwama Bahari Nyeusi, na meli zikawa adimu. Tani moja ya chuma cha pua (steel) inahitaji manganizi kilo sita au saba hivi. Ni kidogo, lakini bila hizo chuma hakifai. Ghafla kero ikawa mali, wanunuzi wakapanda Philipsburg, na kufika 1918 Montana ilikuwa inaongoza Marekani kwa manganizi.

Hapa huwa ananyanyuka kijana mmoja, kwa sauti ya mtu aliyenikamata: "Mhadhiri, mwaka 1890 jiwe lile halikuwa na bei pale, ulitaka walifanyie nini?" Wasilifanyie kitu, bwana! Nani kakwambia ukijua lazima uuze kesho? Ujue, uandike kwenye mkataba kwamba unauza dhahabu tu na kingine chochote kilichomo ni chako. Wino wa mstari huo shilingi ngapi?

Lakini msiondoke hapa mkaanza kuota. Novemba 1918 vita vikaisha, bei ikaanguka, na waliokopa kwa bei ya vita wakabaki na mashimo. Mwaka 1919 bunge lao likatunga sheria ya kuwafidia. Sisi hapa nani atatufidia? Baadaye manganizi ya Philipsburg ilipata mteja mtulivu zaidi, viwanda vya betri za tochi na redio. Ningeendelea, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa, basi.

Neno moja la kazi. Maabara ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, iko Dodoma. Msipeleke kiganja cha mchanga mlichokichagua wenyewe. Chukueni sampuli juu ya rundo, katikati na chini, pande zote, mchanganye vizuri. Na muombe wapime fedha, shaba na manganizi pamoja na dhahabu.

Sasa, aliyewahi kupima marudio yake kwa kitu kingine zaidi ya dhahabu anyooshe mkono. Mama mmoja tu? Mama, njoo mbele, shika kipaza sauti. Maswali yataanza kwako, na mimi ndiye nitakayeuliza.