Mzee Hatakuambia Kwamba Anasikia Baridi

Ndugu wasimamizi, wauguzi na wahudumu wa makao ya wazee,

Nitarudia nililolisema katika vikao vingi: kipimajoto cha ukutani hakitoshi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi joto 18 za Selsiasi ziwe kiwango cha chini cha joto ndani ya nyumba majira ya baridi, likaongeza kwamba wazee huenda wakahitaji zaidi. Hata hivyo, kipimajoto hicho hupima hewa ya pale kilipotundikwa, si hali ya mzee aliyeketishwa kando ya dirisha tangu asubuhi.

Mtaniambia kwamba chumba kina joto la kutosha, kwani ninyi wenyewe mnatokwa jasho. Lazima mtokwe jasho, kwa kuwa mnainua watu, mnatandika vitanda na kusukuma viti vya magurudumu. Mzee ametulia tuli, misuli na mafuta ya mwili wake yamepungua, mishipa ya ngozi yake haijibani upesi kuhifadhi joto, na pengine amepewa dawa ya usingizi inayoudhoofisha zaidi uwezo huo. Mtasema pia kwamba hakulalamika wala hakutetemeka. Mwenye maradhi ya kusahau huenda asiweze kulalamika, na mwili wa mzee unaweza kupoa hadi kiwango cha hatari bila kutetemeka.

Kwa hiyo ingizeni mkono chini ya nguo, mguse tumbo. Viganja baridi ni jambo la kawaida. Tumbo baridi ni dharura. Akiongea kwa kukokota maneno, akisinzia au akichanganyikiwa kuliko jana, msiseme ni uzee, bali mpimeni kwa kipimajoto kinachosoma viwango vya chini, kwa sababu vile vya zamani vya zebaki kwa kawaida huanzia nyuzi 35, na chini ya hapo ndipo haipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi, inapoanza. Mwiteni daktari mara moja. Mvueni nguo au nepi iliyolowa, mfunikeni kichwa, na mpasheni joto kifua na tumbo kwanza. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe, na mgeuzeni taratibu, kwani moyo uliopoa huvurugika mapigo kwa urahisi.

Muda unanibana, hivyo mengine nayataja tu. Milango ya nje iwe na kengele usiku, ili mzee asitoke kwenye baridi bila ninyi kujua. Jenereta isiwashwe ndani kamwe, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoua na isiyo na harufu. Hita ya umeme ikae angalau mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda. Chupa ya maji ya moto isigusane na ngozi, kwani asiyehisi vizuri ataungua akiwa kimya.

Wasimamizi, ninawaomba jambo moja kuanzia zamu ya leo: katika daftari la usiku ongezeni safu ya kuandika kwamba kila mkazi ameguswa tumbo, saa ngapi, na nani aliyemgusa.