Huyu Anaumwa Wapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi, Nairobi

Hamjambo. Mwenyekiti amenitambulisha kama wakili "mwenye changamoto ya macho". Jamani, macho yangu hayana changamoto yoyote, yalishastaafu. (Kicheko.) Mimi ni kipofu tangu utotoni. Nilisomea Thika, kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946.

Juzi nilikwenda kupimwa presha, nimeshikwa mkono na mpwa wangu wa kidato cha pili. Daktari akamgeukia yeye: "Huyu anaumwa wapi?" Kijana naye akanigeukia: "Mjomba, unaumwa wapi?" Nikamjibu kijana, kijana akamjibu daktari. Tuko watatu, sote twasema Kiswahili, na bado natafutiwa mkalimani! Nilivumilia mpaka mtoto akaulizwa mjomba wake huamka kukojoa mara ngapi usiku. Nikasema, daktari, huyo hulala chumba kingine.

Mwacheka, lakini hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka kumi na minane. Ukitaja ulemavu hospitalini, watu huwaza rampu. Rampu ni nzuri, hukufikisha mlangoni. Kesi zinazoletwa kwangu huanzia ndani. Mama mmoja asiyeona alishikwa kidole gumba, kikachovywa kwenye wino, kikabandikwa chini ya fomu ya upasuaji. Hakusomewa hata mstari mmoja. Aliponisimulia, alikuwa bado anakisugua kile kidole kwenye leso.

Katiba ya 2010 inazungumzia afya katika Kifungu cha 43, na Breli na lugha ya ishara katika cha 54. Mimi hukimbilia cha 31, cha faragha. Majibu ya kipimo cha mtu asiyeona husomwa kwa sauti kwenye foleni, kana kwamba asiyeona haoni haya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 nayo ilichakaa mikononi mwetu. Mpya ilitiwa saini 2025, baada ya mswada kupelekwa Seneti na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona. Sheria tunayo. Sasa twende kwenye dirisha la dawa.

Pale unapewa vibahasha vitatu vya kaki. Juu kumeandikwa kwa kalamu: 1×3, 1×2. Kwangu vyote ni karatasi. Mimi hufunga raba: moja kwa dawa ya asubuhi, mbili kwa ya usiku. Raba ikikatika, basi nasubiri mtu arudi nyumbani.

Siku moja mfamasia alikuwa anakata vidonge kwa makasi, boksi liko kaunta. Nikaligusa. Nukta! Jina la dawa limeandikwa kwa Breli, kwa kuwa huko Umoja wa Ulaya sheria inawalazimu watengenezaji kuliandika. Maandishi yangu yamevuka bahari, yamefika Nairobi salama, yakaishia hatua moja kutoka mkononi mwangu, yanangoja kutupwa.

Tangu siku hiyo huomba boksi. "La nini, mzee?" Namshika mkono, namwambia apapase. Moja ninalo hapa. Lipitisheni kuanzia mstari wa nyuma, na tafadhali lirudi kwangu, vidonge vya leo usiku vimo humo.