Steki na viazi kwenye kikaango kimoja, jikoni kwangu Nairobi

Jamani habari za huko nyumbani Tanzania, shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba, karibuni tena jikoni kwangu hapa Buruburu. Leo napika steki na viazi mviringo, kikaango kimoja tu. Jiko langu ndo hili la mtungi wa kilo 6, moto mmoja, lakini hata ningekuwa na jiko la mioto minne ningepika hivi hivi, maana utamu wa nyama unabaki umeganda chini ya kikaango na viazi ndo vinakuja kuuchukua mwishoni, ukitenganisha vyombo ule utamu unaenda na maji ya kuoshea vyombo.

Wengi mnaniandikia kwamba steki ni chakula cha hoteli, mkijaribu nyumbani inatoka ngumu hadi taya zinauma. Haiwi ngumu kwa sababu hamjui kupika, hapana, inakuwa ngumu kwa sababu inapikwa kama nyama ya mchuzi na yenyewe sio ya mchuzi.

Tuanzie buchani. Nyama nimenunua Burma, soko la nyama la hapa, liko karibu na City Stadium, Jogoo Road, unashuka matatu tu wauzaji wanakuita kila upande. Naonyesha kwa kidole ile ya mgongoni isiyo na mfupa, sarara, namwambia kaka nikatie unene wa vidole viwili, na hapo simama umwangalie, mkono wake umezoea vya mchuzi, ukigeuka kupokea simu ushakatiwa vyembamba. Kipande chembamba kinaiva ndani kabla nje hakijapata rangi, basi umeshaikosa steki.

Halafu angalia mhuri wa daktari wa mifugo, nasema kwa msisitizo kabisa. Nyama ambayo haijapimwa inaweza kuwa na tegu, na huku kwetu tegu sio hadithi. Kwa hiyo mimi ile steki mbichi mbichi ndani ya kwenye picha za Ulaya siipiki na siwashauri.

Sasa hili naomba mlisikilize vizuri. Sisi tumelelewa kwamba nyama nzuri ni ya leo leo, ng'ombe kachinjwa alfajiri mchana yuko chunguni, na kwa mchuzi haina shida, unachemsha mpaka inalainika. Steki inakaa motoni dakika chache tu, ulaini lazima uwe umeshaingia kabla. Nyama ikichinjwa inakakamaa kwanza, ukiiweka kwenye friji siku mbili tatu vimeng'enya vyake wenyewe vinaanza kulegeza nyuzi. Na ng'ombe wetu, awe zebu wa Shinyanga au Boran wa huku Kenya, huyu katembea, kala majani, hana mafuta mengi ndani ya mnofu kama wale wanaononeshwa kwa nafaka, ukimzidishia moto anakauka upesi. Hii nyama yangu imekaa kwenye friji tangu juzi, iko juu ya sahani, haijafunikwa, nje imekauka vizuri, ona, nikigusa kidole hakiloi. Chumvi nimeipaka kama saa moja iliyopita, inatoa maji kwanza halafu yale maji yanarudi ndani na chumvi yake. Kama hamna muda huo pakeni pale pale mnapoiweka motoni, ila sio dakika kumi kabla, hapo ndo inakuwa imelowa na haitachukua rangi.

Viazi vinaanza, nyama inafuata baadaye. Hivi ni Shangi, ndo viazi vimejaa Nairobi, vingi vinatoka Nyandarua, huko nyumbani chukueni vya Mbeya au Njombe. Kata vipande vidogo vinavyolingana, suuza ule wanga wa juu visije vikashika chini, kama kuna sehemu ya kijani itoe yote ile ina sumu. Weka kwenye kikaango na vijiko viwili vya mafuta, maji nusu kikombe, chumvi, funika.

Hapa mniangalie na saa zenu tofauti. Nairobi tuko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo vitu vya kuchemsha vinachelewa. Mlioko Dar na Tanga viazi vitawahi, anzeni kuchoma na uma baada ya dakika nane, mimi huku nangoja kumi na mbili na zaidi.

Sasa sogezeni sikio, sikia, maji yanatokota, mlio mzito... dakika kadhaa tu unabadilika unakuwa wa kuchachatika, mwembamba, mkali, hapo maji yameisha na mafuta yameanza kukaanga. Toa mfuniko, na baada ya hapo usivikoroge! Viache vishike rangi upande mmoja, ndo uvigeuze. Vikiwa na ukoko wa dhahabu vitoe weka kwenye bakuli, maana ukibana nyama katikati ya viazi moto unapoa na nyama inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika.

Moto mkubwa sasa, fungua dirisha, moshi utakuwepo. Mafuta kidogo, siagi bado, ukianza na siagi inaungua. Pangusa nyama na tishu hata kama unaiona kavu, ilaze kutoka upande wako kwenda mbele mafuta yasikurukie. Dakika tatu usiiguse. Ikiwa imeshika chini usiivute kwa nguvu, ikishapata rangi inaachia yenyewe. Geuza, dakika mbili, isimamishe kwenye ule ukingo wa mafuta nao uyeyuke, halafu punguza moto ndo uweke siagi, kitunguu saumu kilichopondwa na kitawi cha rozimeri, inamisha kikaango uchote na kijiko umwagie juu, tena na tena, jamani ile harufu, natamani ningewatumia.

Nina kipimajoto, nangoja ndani ifike nyuzi 63, halafu naipumzisha kwenye ubao dakika tano, haiwi nyekundu, inabaki na upinki kidogo tu. Asiye nacho akate katikati achungulie, haina ubaya wowote. Yale maji mekundu yanayotoka sio damu, ni protini ya misuli inaitwa mayoglobini. Wajawazito na watoto wadogo wao wapikieni mpaka iive kabisa.

Wakati inapumzika viazi vinarudi kwenye kile kikaango, kwangua ukoko wa chini na mwiko wa mbao, kamulia ndimu, pilipili manga, na yale maji ya nyama yaliyotuama kwenye ubao yamwagie humo humo.

Ukikata, tafuta nyuzi zinaelekea wapi, hizi hapa, zimelala hivi, basi kisu kikingame, vipande vyembamba. Hiki kitu peke yake kinaokoa hata nyama ngumu, ukifuata nyuzi utatafuna mpaka kesho.

Mama yangu najua unatazama na nyama yenye wekundu huli, basi vipande vyako ukishavikata virudishe pamoja na viazi dakika moja mbili, vinaiva kabisa na havikauki maana viko ndani ya mafuta yake. Kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha, karibuni mezani.